Mnywa Maji wa Katumba

Mama alilipanda pale yanapomwagwa maji ya vyombo,
chini ya mfereji wa bati, upande usioona jua la alasiri.
Kijiti tu, kimeviringishwa kipande cha kanga,
alichopewa na mke wa mpishi wa kiwanda cha chai.
Hakuuliza jina. Aliuliza: linakula nini?
Akaambiwa: maji.

Basi tukaliita Mnywaji.
Zikipita siku mbili bila ukungu
majani yalilegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa,
nasi watoto tukatumwa mtoni kwa ajili ya ua,
ua lisiloliwa, lisilonukia, lisilo na bei sokoni.
Ng'ombe nikimnywesha hunipa maziwa, alinung'unika Baba.
Hili linanipa nini?
Rangi, akajibu Mama, na mlango akaurudishia.

Buluu.
Si ya anga, maana anga letu tunaliona kwa msimu;
buluu ya daftari lililoloa njiani kutoka shule.

Dada Tumpale alipoolewa kule Songwe,
kwenye ardhi nyeupe wanakochoma chokaa,
alichukua vijiti vitatu vya shina lilelile.
Mwaka wa pili akatuma mtu: Mama, umenipunja,
yangu yamechanua pinki, kama mashavu ya mwanasesere.
Wakanuniana tangu Pasaka hadi maharage yakavunwa.
Mama akaapa kwa kisu alichokatia.
Hakuna aliyeushuku udongo.

Ni Mwalimu Asajile, wa baiolojia,
aliyeingia kukwepa mvua, viatu mkononi,
aliyesema: haidranjia.
Akalitafuna jina kama pingili ya muwa:
hudori, maji; angeioni, chombo. Kigiriki hicho.
Chombo cha maji.

Mama akajipiga paja. Si nilisema! Linakunywa!
Hapana, mama. Hao hawakutazama kiu yake,
walitazama mbegu.
Akavunja kikonyo kikavu cha mwaka jana,
akatuonyesha kifuko kidogo kuliko punje ya ulezi:
kina tumbo, kina mdomo.
Kama mitungi ya Wakisi, nikasema,
ile inayopangwa mchangani Matema siku ya gulio.
Kama hiyo, akasema, ila hii ni ya sisimizi kutekea.

Na wako wanaoliita hotensia, akaongeza.
Wengine wanasema ni jina la mwanamke,
wengine wanasema ni bustani tu, kwa Kilatini.
Hawajapatana hadi leo.
Kama ni mwanamke, akasema Mama, alikuwa na kiu.

Mwalimu akafika kwenye rangi:
udongo mchachu kama wetu wa chai, buluu;
wenye chokaa, pinki. Shina moja, mama. Damu moja.
Mama hakungoja amalize kikombe.
Akanitupia kalamu, akasimama nyuma yangu,
na barua ile ninayo, mwandiko wangu wa darasa la sita:
*Mwanangu, siyo kisu. Ni unakoishi.
Njoo na madumu yako matupu, urudi na udongo.*

Mvua ilinyesha usiku kucha.
Asubuhi vichwa vyote vilikuwa vimelala tope,
vizito, kama watu waliotoka msibani.
Nikakiinua kimoja kwa viganja viwili
nikitafuta ile mitungi.
Kikanimwagia maji yote mkononi,
hadi kwapani, ndani ya sweta la shule.