Mshika Fito

Kazi yangu kusimama.
Nashika fito nyekundu na nyeupe, sitikisiki,
na Shekiondo kule nyuma ya darubini
anafumba jicho moja, anapunga mkono:
kushoto kidogo. Kushoto tena. Hapohapo.
Hapohapo ni jikoni kwa Bi Mwantumu.
Sufuria ya maharage inatokota mguuni pangu,
naye ananiuliza, kama anayeuliza bei,
"Wewe mwana wa Hoza, umenikanyagia nini?"

Tuko Pongwe, kando ya barabara ya Segera,
ambako malori ya saruji hayajui usiku.
Yakipita, vikombe kabatini husalimiana,
vumbi jeupe hutua juu ya kisamvu
na juu ya sare za watoto wanaongoja kuvuka,
wamekamatana mikono, wanahesabu:
la kwanza, la pili, sasa... bado.

Barabara nayo ina madai yake.
Mita thelathini toka katikati, kila upande,
ndivyo ramani isemavyo, na ramani haina haya:
imepita ndani ya gereji ya Kilua,
choo kikabaki cha serikali,
bafu likabaki lake.
Alama ya X mlangoni ameipaka kijani mara tatu,
na mara tatu ile nyekundu imerudi kuchungulia.

Nyuma ya gereji ndiko kwetu.
Shamba la korosho la marehemu Mbwana Kibindo
liligawiwa warithi sita,
warithi wakauza kwa hatua,
"ishirini kwa ishirini," kwa mguu wa muuzaji,
na mguu wa muuzaji, sote twajua, ni mfupi.
Mpaka ukawa mnyonyo.
Mpaka ukawa tairi lililofukiwa nusu.
Mpaka ukawa "pale alipokuwa akifungwa mbuzi."
Mbuzi kaliwa. Kesi ipo.

Jumapili, kikao, ofisi ya mtaa.
Shekiondo akatandaza mchoro mezani,
akaukandamiza kwa chupa mbili za soda:
njia zote mita sita, kila mwenye kiwanja amege tatu.
Wote wakaafiki. Kwa makofi.
Kisha mmoja mmoja wakasimama kueleza
kwa nini mita tatu zao ziko kwa jirani.
Huyu ana kisima, yule ana msingi,
mwingine ana ndoto ya fremu mbili za duka.
Mimi niliandika mahudhurio, sikusema neno,
maana ukuta wa mama yangu umetokeza kuliko zote.
Niliujenga mimi.

Alhamisi likaja kabati la mkazamwana wa Bi Mwantumu,
milango mitatu, kioo kirefu katikati,
vijana sita, hima, hima,
mpaka kona ya ukuta wetu. Likagoma.
Wakalilaza, likagoma. Wakalisimamisha,
wakamtukana fundi aliyelichonga.
Magharibi wakalirudisha kando ya lami,
likalala ndani ya hifadhi ya barabara
kama mpangaji asiye na mkataba,
na usiku kucha kioo kilijaa malori,
taa zikiingia ukingo huu, zikitokea ukingo ule,
wala hakuna hata moja lililofika popote.

Sikulala. Alfajiri nikachukua nyundo.
Mama akatoka, kanga begani, akaniangalia,
akasema tu,
"Matofali mazima yaweke kando."

Kabati lilipita saa mbili.
Saa tatu Kilua akaegesha pikipiki kwenye pengo.
"Kuna kivuli," alisema.

Leo tumerudi na fito.
Shekiondo anapunga: kushoto kidogo.
Napaza sauti, kushoto kuna pikipiki.
Bi Mwantumu amekalia bikoni mpya, anamenya muhogo,
na maganda anayatupa, kwa uangalifu mkubwa,
upande wa jirani.