Hodi ya Nne

Orodha imetoka kwenye mashine saa mbili asubuhi.
Theluji imefika usawa wa dirisha,
na Michiyo Orito, karani wa pekee wa tovuti ya mji,
anaisoma glavu moja ikiwa bado mkononi:
viungo mia mbili na kumi na viwili
havifiki popote.

Kiungo. Neno lenye tamaa hili:
ni goti, ni kiwiko, ni bizari,
na siku hizi ni mstari wa buluu wa kubofya.
Kikiteguka cha mguu, utachechemea.
Kikikosekana chunguni, mchuzi utadoda.
Kikivunjika hiki, husikii hata kwaa:
ukuta mweupe tu, na sentensi moja ya baridi,
ukurasa huu haupatikani.

Mji huu wa Hokkaido ulikula makaa ya mawe
mpaka makaa yakaisha, watu nao wakafuata.
Anayehama hubeba sufuria na picha za harusi.
Anwani yake ya mtandaoni huiacha
kama kiatu kimoja barazani.

Hodi ni tatu. Ukikosa jibu, geuka uende zako.
Michiyo hupiga ya nne.

Shule ya Msingi ya Kaskazini: hodi.
Imeunganishwa na ya Mashariki.
Hodi Mashariki. Imeunganishwa na ya Kati.
Ya Kati ina wanafunzi kumi na mmoja
na tovuti yenye picha ya sungura.
Anakielekeza kiungo kwa sungura.

Ratiba ya treni: reli iling'olewa.
Huwezi kumwelekeza abiria kwenye majani.

Zahanati ya meno: mtu alisahau nukta.
Anaitia, mlango unafunguka,
kumbe ilikuwapo siku zote,
miaka sita taa zinawaka,
inangoja nukta.
Michiyo anacheka peke yake, kwa sauti.

Chama cha wafuma sweta kinafunguka pia,
lakini ndani wamekaa wacheza kamari;
jina la marehemu limevaliwa na mgeni.
Huyo anafutwa bila kuulizwa.

"Futa vyote kabla ya Ijumaa," anasema Bwana Tsukuda,
si kwa ukali. "Mtu akigonga ukuta,
aibu ni ya manispaa."
Na ni kweli. Yeye ndiye anayepokea simu.

Cha mia na kumi na saba ni duka la mikate la Hoshiba.
Hodi, hodi, hodi.
Ya nne anaipiga kwenye hifadhi ya nakala za zamani,
anachakura mwaka baada ya mwaka,
mpaka ukurasa unajikongoja kutoka gizani:
picha zote zimekuwa vijisanduku vitupu,
ila maneno yamesalia, ya mwokaji mwenyewe,
yenye makosa yake ya tahajia:
Mkate wa maharage matamu umekwisha.
Kesho njooni mapema.

Anampigia binti yake, Sapporo.
"Nilijua vimekufa na kompyuta yake," sauti inasema.
Kisha kimya, maji yanachuruzika kwenye sinki huko mbali.
"Ameandika kesho?"
"Ameandika."
"Nisomee tena."

Ijumaa jioni vimebaki arobaini na kimoja,
visivyo na nakala, visivyo na jamaa.
Michiyo havifuti. Anavivua buluu tu,
jina linabaki, jeusi, halibofyeki:
kinyozi Kuwabara. Kwaya ya wake wa wachimbaji.
Bwana Tsukuda anainama kwenye kioo cha kompyuta.
"Haya yanampeleka mtu wapi?"
"Hayampeleki."
Anasoma mpaka chini, polepole,
kisha anasema mke wake aliimba sauti ya pili,
na anakwenda kuwasha gari.

Jumatatu mashine inapitishwa tena.
Vitatu vipya.