Saa ya Karani wa Mizani

Baba mdogo alitaka iwekwe sandukuni,
iviringishwe kitambaani pamoja na kofia na kitambulisho.
"Ni kumbukumbu," alisema, siku ya kuanua tanga,
watu wakimalizia kande kwenye sahani za kuazima.
Nikanyoosha mkono. Nikasema nitaivaa.

Mkanda ulinipwaya. Nikapasha msumari kwenye makaa,
nikatoboa tundu jipya, mbali na lile lake,
na lile lake limepanuka kama jicho la mtu aliyekesha.
Kati ya matundu hayo mawili panaenea vidole vitatu:
ndivyo baba alivyonizidi.

Ambakisye Mwaipaja, karani wa mizani,
kituo cha majani mabichi, bondeni chini ya Katumba.
Wachumaji walishuka na vikapu mgongoni,
mvua ya Tukuyu imewaingia hadi kwenye mifupa,
naye anasogeza jiwe, anaandika kilo kwa kalamu ya risasi.
Walisema: mizani ya Ambakisye haina shemeji.
Kweli haikuwa naye. Mama alichuma palepale,
na alikatwa kilo mbili za maji kama wengine wote.

Saa yake aliitega kwa Kiswahili.
Saa mbili asubuhi, mshale mfupi ulilala kwenye mbili,
si kwenye nane kama saa ya ofisini.
"Saa isiyosema lugha ya mvaaji," alisema, "ni bangili."
Na kila jioni, akishanawa, aliitia ufunguo,
mizunguko kumi na minne, akihesabu Kinyakyusa
bila sauti, midomo ikicheza.

Mwezi wa sita ilisimama. Ukungu ulikuwa chini ya kioo.
Nikaipeleka Mbeya, Mwanjelwa,
kwa fundi mwenye lenzi jichoni. Akaifungua, akapuliza,
akachomoa kitu kwa ncha ya kibanio, akanionyesha:
chembe ya jani la chai, nyeusi, kavu.
Kabla sijasema niachie, alishaipangusa kwenye suruali.
Akafunga. Akatazama simu yake.
Akaitega "sawasawa" bila kuniuliza.

Nilifika nyumbani saa moja jioni, mkononi ni saba.
Nikasimama jikoni na koti langu bichi
kama mtu aliyepokewa na baba yake mlangoni
kwa lugha ya wakubwa wa kampuni.
Nikavuta kile kichwa kidogo, nikazungusha:
nane, tisa, kumi,
kumi na moja, kumi na mbili,
moja.
Haya, baba. Shikamoo.

Naivaa nikikamua. Naivaa nikipalilia migomba.
Naivaa nikikanda maandazi, unga unajaa pembeni mwa kioo,
nautoa kwa kijiti cha kiberiti.
Ukiinusa ngozi ya mkanda, kuna jasho lake na langu,
na mimi mwenyewe siwezi tena kuyatenga.
Shangazi Tupokigwe hunikaripia: "Utaiua!"
Simjibu. Namwongezea chai.
Mwanangu Lusajo amefundishwa saa shuleni, ananicheka:
"Mama, saa yako imekosea saa sita nzima."
Nikamwambia, babu yako hakuwahi kuchelewa lori.

Juzi baba mdogo, yule aliyemwosha,
alikuja kuomba mbegu za viazi, akaiona mkononi.
Alinyamaza kidogo. Kisha akasema
siku ile mkono wa kaka yake ulikuwa mweusi wote
kwa jua na ubaridi, isipokuwa ukanda mmoja,
mweupe kama mti uliobanduliwa gome.
"Hatukujua tuuoshe vipi," alisema.
Akachukua mbegu zake, akaaga.

Usiku nikaivua, nikasogeza mkono kwenye taa.
Nikatazama.
Umeanza. Mwembamba bado,
lakini umeanza.