Betri ya Tumboni

Kondo ameniletea kitu kidogo, rangi ya zambarau,
amekifunga kwenye leso kama jino lililong'oka.
"Fundi, hiki kimekufa."
Nakigeuza. Hakina skrubu, hakina mlango,
hakina hata tundu la chaji.
Kimezaliwa na betri tumboni, kifuniko kikazibwa.
Ubavuni, chini ya maandishi ya Kichina,
pipa la taka limechorwa, limepigwa mkasi:
usinitupe.

Aliyekiunda hakutaka kifunguliwe,
wala hakutaka kitupwe.
Sasa kiende wapi?
Kije Kariakoo, Mtaa wa Aggrey,
meza ya pili baada ya muuza soksi.

"Bosi alisema katupe," ananiambia Kondo.
"Nikafika pipani, mkono ukagoma.
Kitu kinanukia vile?"
Anaendesha gari la watu, jioni anarudi Buguruni,
na Jumamosi, banda la mpira likijaa,
anataka na yeye aonekane akitoa wingu.

Wembe. Napita pembeni, kidogo kidogo.
Gundi inaachia kwa manung'uniko.
Ndani: sifongo iliyolowa, waya mbili,
na betri nene kama kidole gumba.
Mita inasoma nukta tatu.
Volti nukta tatu! Iliyoshuka hapo haiamshwi,
anayeilazimisha huamsha moto.
Sadala wa meza ya tatu aliwahi kuitia bisibisi;
mpaka leo nyusi yake moja tunaidai.

Nakata nyekundu. Naifunika ncha.
Ndipo nakata nyeusi.
Ukizikata zote kwa pigo moja
mkasi wenyewe unakuwa daraja.
Kwenye droo nina betri ya marehemu mwingine,
urefu uleule, tatu nukta nane.
Mjini hapa hata betri huachiwa urithi.

Lakini ile sifongo.
Juu yake pasheni, na sukari ya uongo.
Chini yake kuna harufu nyingine, na hiyo naijua
kabla sijajua kusoma.

Urambo. Bani la baba, magogo yanawaka
usiku na mchana, wiki nzima, jani linageuka njano.
Mama anachuma kungali na umande,
viganja vyeusi kwa utomvu,
jioni anatapika nyuma ya nyumba
na sisi tunasema malaria.
Mnunuzi anashika jani kwa vidole viwili:
"Hili daraja la nne."
Jani likapakiwa, likaondoka, hatukuuliza liendako.
Kumbe lilikwenda kuvaa pasheni.

"Fundi, umelala?"
Silali. Napasha risasi, moshi wake mwembamba
unanipita sikioni. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi.

Tatizo ni moja: kitu chenyewe hakina swichi,
huwaka kwa kuvutwa tu.
Kondo ananitazama. "Jaribu, ndiyo kazi yako."
"Mwenye mali avute."
Anavuta. Chini, taa ya buluu inafumbua jicho.
Muuza soksi anapiga makofi.
Kondo anakohoa, anacheka, anakohoa tena,
na mimi najikuta nahesabu, mazoea ya nyumbani,
ya kulala ukutani kwa baba:
cha tatu, cha nne, cha tano.

Tulikubaliana elfu saba. Ana tano.
Mbili ni za Jumatatu, na Jumatatu zake nazifahamu.
Sikukirudishia gundi, nimekizungushia selotepu.
Siku kikifa tena, kina mlango.

Betri ya zamani naifunga ncha kwa utepe,
naizika kwenye kopo la Blue Band lenye mchanga
pamoja na wenzake. Kopo limejaa.
Mwezi uliopita nililibeba mpaka manispaa,
nikapanga foleni, nikauliza hizi zinapelekwa wapi.
Dada wa dirishani hakuinua macho.
"Katupe," akasema.

Nikarudi nalo.