Koti la Ushahidi

Binti wa chuo kikuu amekuja na dodoso,
kurasa tisa, na kalamu ya bure yenye jina la benki.
Anaitwa Brenna. Amevua viatu mlangoni bila kuambiwa.
Anasomea, anasema, habari za watu kama mimi,
waliotendewa.
Nikamwambia, "Kumbe tuna somo letu."

Swali la kwanza: kwa kipimo cha moja hadi tano,
mahakama ilikuridhisha kiasi gani?

Nilimimina chai kwanza.

Kisha nikamweleza habari ya koti.
La sufu, kijani, nililinunua Mtaa wa Barton
kwa mshahara wangu wa kwanza wa kufua mashuka ya hospitali.
Usiku ule afisa Kowalchuk alinivua taratibu,
kama mtu anayemmenyea mgonjwa yai,
akalitia kwenye mfuko wa karatasi, akaandika namba.
Ilikuwa Januari. Hamilton, Januari!
Nilirudi nyumbani na blanketi la gari la wagonjwa;
hilo nalo walilifuata kesho yake.

Kesi iliitwa Mfalme dhidi ya Foyle.
Nikatafuta jina langu kwenye karatasi ya mlangoni,
halipo.
Kumbe aliyepigwa ni Mfalme.
Kumbe mbavu zile zilikuwa za Mfalme,
mkoba wa Mfalme, nauli ya Mfalme,
mimi nilikuwa njia tu ilimopita ngumi.

Naitwa Saumu.
Waliniambia usiizungumze kesi, utaiharibu,
nami nikafunga.
Ikaahirishwa Machi, ikaahirishwa Juni,
wakili wa Foyle ana mafua, jaji yuko likizo.
Miezi kumi na minne nilifunga
na mwezi haukuandama.

Siku ya kusema ilipofika nilikuwa na kurasa tatu.
Walizipitia kwa wino mweusi.
Nisimwite Foyle mwoga. Nisitaje adhabu.
Nisiseme kwamba sasa nazunguka mitaa miwili
kuikwepa stendi ile. La, hilo waliliacha.
Nilichosoma kilichukua dakika moja na nusu.
Foyle alikuwa anatazama kucha zake.
Ana umri wa mwanangu. Hilo hata mimi sikuliandika.

Juzi tarishi akaleta koti. Saini hapa, na hapa.
Limekunjwa vizuri kuliko nilivyowahi kulikunja mimi,
linanuka kabati la serikali.
Mfukoni mna tiketi ya basi, safari isiyofika,
na pipi ya tangawizi iliyogandana na karatasi yake.

Brenna ameweka kalamu chini. Chai imepoa.
"Andika tatu," nikamwambia, "usirudi bure."
Hakuandika. Akauliza swali lisilokuwamo:
je, utalivaa?

Nje taa za barabarani zilikuwa zinaanza kuwaka,
na theluji, ile nyembamba, isiyo na uhakika.
Nikatia mkono mfukoni,
nikaibandua ile pipi, nikafuturu.