Mteremko

Bomba lilipasuka saa nane usiku
pale barabara ya Kilindini inapoanza kuinama,
maji yakaingia duka la vioo la Shabiri.
Tukachimba. Lami, kokoto, lami nyingine ya zamani,
udongo mwekundu, kisha sururu ya Bechangama
ikalia kengele.

Si bomba. Bomba halilii hivyo.
Ni reli, mbili, nyembamba,
zimelala chini ya mji kama ndugu walionuniana:
sambamba, na hazigusani.

Mhandisi akaja na mwavuli.
"Hizo za toroli, za enzi hizo.
Kateni. Hakuna anayezidai."

Mimi namjua anayezidai.
Nyanya alikuwa akimtaja akipepeta mchele:
Ndurya wa Mwagandi, babuye,
msukuma toroli, mkono wa kulia,
miguu mitupu, kofia nyekundu
iliyokatwa kwenye mshahara wake.
Kiti cha mbao, turubai juu ya kuzuia jua,
karani akienda forodhani, bibi akienda kunywa chai.
Abiria hutazama mbele.
Msukuma hutazama kisogo.
Miaka kumi na moja ya visogo,
akavijua kama mchungaji ajuavyo mbuzi:
hiki kina jipu, hiki kina deni,
hiki kitarudi kwao na meli ya mwezi ujao.
Uso hakuujua hata mmoja.

Zikaja motokaa.
Reli hazikung'olewa; zilimwagiwa lami zikiwa macho,
hazikusomewa hitima.

Nyanya alicheka kwenye jambo moja tu:
kwamba palikuwa na mahali, hakusema wapi,
toroli lilipoanza kukimbia lenyewe,
na wasukuma wakaruka, wakaning'inia nyuma,
nyayo hewani, kofia mkononi,
na kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini
Mombasa ilimsukuma Ndurya.
Abiria hakugeuka. Hakujua
kwamba wanasafiri watatu.

Bechangama amewasha msumeno,
cheche zaruka kwenye matope.
"Ngoja," nikasema.
Nikatoa pima maji, nikaifuta kwa shati,
nikailaza juu ya chuma.

Povu likatetemeka,
likateleza taratibu upande wa mjini,
likatulia huko.

"Wapima nini? Tunaikata tu."

Sikumjibu. Nilikuwa kwenye kumi na saba.
Nikafika thelathini,
nikamwambia akate.