Chanjo Kifuani

Kwingine, aliniambia Tserendulam, chanjo hutafutiwa barafu.
Huku kwetu Zavkhan tunaificha, barafu isiione.
Nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
gari kuukuu likikohoa kama mzee wa tumbaku,
akagawa vichupa: vitano kifuani mwake,
vinne kwangu mimi dereva,
ndani ya shati, chini ya koti la manyoya ya kondoo.
"Vichukue kama mayai," alisema. "Kuku ni wewe."

Tukapita mbuzi waliokufa wamesimama,
macho wazi, theluji magotini.
Dzud, ndivyo tuiitavyo:
kiangazi kinanyima nyasi,
kisha baridi inakuja kudai deni lisilo lake.
Sikuwahesabu.
Kuhesabu mizoga ya mtu ni kumvua nguo.

Kabla ya mto ulioganda, injini ikazima.
Nikashuka. Nikafungua koti,
maana koti zito na spana havipatani.
Dakika kumi, pengine kumi na tano.
Nikasahau kwamba nimeatamia.

Hemani, moto wa samadi, chai ya chumvi.
Densmaa alikuwa amewakusanya watoto wake na wa majirani,
tisa, wamebanana kitandani kama soksi sandukuni.
"Na ya mbuzi mnayo?" akauliza.
"Walikuwa mia tatu na kumi."
Tserendulam akanawa mikono, akainawa tena.
Chuoni hawakumfundisha jibu la hilo.

Wa kwanza akalia, wa pili akalia kwa kumsaidia.
Hadi wanane.
Kichupa cha mwisho akakitikisa, akakiinua mbele ya taa:
chembe nyeupe, zikashuka polepole,
theluji ndogo ndani ya kioo.
Hakuniuliza.
"Injini," nikasema.

Wa tisa alikuwa Temuge, miaka minne,
amekwisha kukunja mkono wa shati mwenyewe,
meno ameyauma, macho makavu,
ushujaa wote tayari,
na sisi hatuna pa kuupeleka.
Nikamshushia mkono wa shati.
Akaupandisha tena.

Ni kilomita mia na sitini hadi kwenye jokofu.
Usiku ule nilishona mfuko ndani ya shati,
kushoto, vifungo viwili,
uzi wa kushonea viatu.
Kesho tunarudi kwa Temuge.
Injini ikizima,
nitaifungua kwa mkono mmoja.